Kinyozi wa Tangi la Tatu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake wa nyumba ya samaki, familia imemtuma binti wa marehemu, kitinda mimba wake, asimame mbele yenu asome historia ya baba yake, na kabla hajaanza anaomba mumvumilie, kwa sababu historia hii ilikuwa imeshaandikwa juzi, ikapitiwa na baba zake wadogo, ikakubaliwa, halafu jana mchana ikabadilika mahali pamoja, na mahali penyewe ni jina la mtoto mmoja wa marehemu, jina ambalo lisipotamkwa hapa leo kabla jeneza halijashushwa, basi tena, halitatamkwa. Wajomba wameshauri liachwe lilivyokuwa, wakisema msiba si mahali pa kufukua mambo, na binti amewasikia kwa heshima zote, na atalisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mawe iliyopakana na ghala la chumvi, akiwa mtoto wa nne wa mpiga pasi wa hospitali na mkewe, na tangu utotoni alikuwa na jicho kali, sindano ikianguka mchangani aliitwa yeye, kifungo kikipotea aliitwa yeye, mpaka dada zake wakamtania kwamba macho hayo ameyaazima mahali na mwenyewe atakuja kuyadai. Elimu ya msingi aliipata katika shule iliyokuwa nyuma ya soko kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, ambako alifaulu hesabu na kuchora, na akatolewa kwaya kwa amani baada ya mwalimu kumsikia mara moja tu, kisha mwaka 1962 na 1963 alijifunza ufundi bomba, akahitimu, na tarehe 1 Februari 1964 akaajiriwa katika nyumba ya samaki ya umma, jengo lenye matangi tisa ya kioo na korido moja ndefu yenye giza, ambamo watu hunong'ona bila kuambiwa na mtu.

Aliajiriwa kuziba mabomba, lakini kwa kuwa alikuwa na pumzi ndefu na hakuogopa maji, mwaka uliofuata akapewa kazi ya kuingia matangini na brashi, kusugua ukungu kwenye kioo kwa ndani, watoto wa shule wakimpungia mkono kutoka koridoni, naye akiwapungia brashi, na kazi hiyo ndiyo aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2006. Katika tangi la tatu aliishi samaki aliyempa jina, samaki mwenyewe si wa kutisha, urefu wake kidole cha kati, mwili wa buluu iliyopauka, na kila ubavu mstari mmoja mweusi unaoanzia mdomoni, unakatiza jicho, unazidi kupanuka mpaka mkiani. Kazi yake huko miambani anakotoka ni kusafisha wenzake, ana mahali pake pa kazi ambapo hahami, na samaki wakubwa kwa wadogo humfuata hapo hapo wakapanga foleni, hata wale ambao mahali pengine wangetafunana, naye hutoka akawachezea, kichwa chini mkia juu, kichwa chini mkia juu, mpaka mteja atulie, ndipo amsogelee kumtoa chawa na ngozi iliyokufa, na akimaliza ubavuni huingia kinywani. Tangi la tatu lilikuwa na chewa mzee mwenye domo la kumeza sufuria, na kila asubuhi chewa huyo aliachama, samaki mdogo akazama ndani, watoto wakapiga mayowe, na kabla mayowe hayajaisha yule mdogo akachomoza pembeni mwa mashavu, mzima, anaendelea na mteja mwingine. Marehemu alimwita kinyozi, watu nao wakalihamishia jina kwake, akawa Mzee Kinyozi mpaka mauti, ingawa kichwa chake mwenyewe kilikuwa hakina unywele wa kunyoa tangu angali kijana.

Jioni taa zikipunguzwa, samaki huyo hujibana kwenye ufa wa jiwe, akatoa ute kinywani mwake mwenyewe, akajifunika nao mwili mzima, akalala humo mpaka kuche, kisha akauchana na kutoka, na wafagiaji wa korido hawakupenda kumtazama wakati huo, walisema anajivika sanda kila siku ya Mungu, naye marehemu akawaambia acheni uchuro, hicho ni chandarua.

Lakini miambani huko huko yupo mwingine, wa ukoo tofauti kabisa, aliyejaliwa mwili ule ule, buluu ile ile na mstari ule ule, na amejua hata kucheza, anapiga kichwa chini mkia juu, mteja anatulia, anaachama, na yeye anamnyofoa kipande cha nyama, huyoo anakimbia. Mwaka 1966 mmoja wa namna hiyo aliletwa katika mfuko mmoja na vinyozi wa kweli, akaingizwa tangi la tatu pamoja nao, chewa akang'atwa, na tangu siku hiyo chewa hakumwachamia yeyote, awe wa kweli awe wa uongo, akaanza kukonda na kuota madoa, na wote waliosimama mbele ya kioo waliona samaki watano walio sawasawa. Marehemu aliingia na wavu akamtoa mmoja, yule yule, na chewa akapona, na alipoulizwa amemjuaje akajibu maneno ambayo kila aliyefanya naye kazi anayajua kwa moyo, kwamba usiangalie mistari, mistari inadanganya, angalia mdomo, wa kweli mdomo wake uko mbele, kwenye ncha ya uso, na wa uongo mdomo wake uko chini, ameuficha.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Julai 1968 na fundi cherehani, ambaye ndiye mjane aliyeketi hapa mbele, na walikutana pale pale tangi la tatu, mama akiwa amekuja kutazama samaki siku ya mapumziko, akamuuliza yule mtu mwenye ndoo kama huyo mdogo haogopi kumezwa, naye akasema anaogopa kila siku, ndiyo maana anacheza kwanza, mama akacheka, na mambo yakaanzia hapo. Mama alipenda kusikia habari za samaki hao, hasa alipoambiwa kwamba dume huishi na wake kadhaa, na siku akifa, mke aliye mkubwa kuliko wenzake huanza siku hiyo hiyo kuzunguka eneo lake, na baadaye hugeuka dume kabisa, akasema basi na mimi ukitangulia nitavaa viatu vyako vya mpira nishike doria, na wanaoweza kuiona miguu yake kutoka hapo walipo wataona kwamba mama hakuwa anatania.

Ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu. Pacha wa kiume walizaliwa tarehe 2 Juni 1970, aliyetangulia akaitwa Mkubwa na aliyefuata Mdogo, majina ya cheti yakalala kabatini, na walifanana mpaka jirani wa mlango wa pili akakata tamaa, akawa anawaita wote "nyie". Mama aliwashonea mashati ya mistari, ya buluu kwa Mkubwa, myeusi kwa Mdogo, ili watu wasihangaike, lakini marehemu alijigamba kwamba yeye mashati hayamsaidii kitu, na alisema kweli, kwa sababu Mdogo alikuwa amevunjika kipembe cha jino la mbele kwenye ngazi za nyumba ya samaki, na watoto walipogundua siri hiyo wakaifanya mchezo, wanabadilishana mashati, wanamtokea baba yao mdomo umefumbwa, wanajikaza wasicheke, naye anakunja uso anasema fungua mdomo, wanafungua, na yeye bila kusita anasema, "Wewe Mdogo, mrudishie mwenzako shati lake." Hawakuwahi kumtega wakampata.

Jumanne tarehe 9 Novemba 1976, watoto hao wakiwa na umri wa miaka sita, walimfuata baba yao kazini. Nyuma ya jengo kulikuwa na birika la kutuliza maji ya bahari kabla ya kuingizwa matangini, lililofunikwa mbao, na siku hiyo ubao mmoja ulikuwa umeondolewa. Marehemu alikuwa ndani ya tangi la tatu na brashi yake, akawaona koridoni, upande wa pili wa kioo, mashati mawili ya mistari, wamefumba midomo, mabega yanatikisika kwa kicheko, wakampungia, naye akawapungia brashi, wakakimbia kuelekea uani. Ziliposikika kelele alitoka na maji yake akaingia birikani kwa mikono yake mwenyewe, akawatoa wote wawili, mmoja akiwa anahema na mmoja akiwa amekwisha kwenda. Watu walimuuliza ni yupi, maana lazima mtu aulizwe, na mtu yule aliyefundisha nusu ya mji huu kuangalia mdomo hakuweza kuuangalia mdomo ule, hakuna mzazi ambaye angeweza, akaangalia shati, shati lilikuwa na mistari myeusi, akasema ni Mdogo. Mtoto akazikwa kesho yake kwa jina la Mdogo, hapa hapa, kwenye kaburi dogo lililo kulia kwa hili lililochimbwa leo, mwenzake akiwa hospitali na homa, koo limevimba kwa maji ya chumvi, hawezi kutoa sauti.

Historia ya juzi ilisema hivyo, na kutoka hapo iliruka moja kwa moja mpaka tarehe 3 Septemba 1979, siku aliyozaliwa binti huyu anayesoma. Alizaliwa katika nyumba ambayo ilikuwa na vitu asivyovielewa, na kwa kuwa alivikuta, alidhani kila nyumba inavyo. Mama alikuwa anashona mashati ya mtaa mzima, lakini kitambaa cha mistari alikirudisha kwa mwenyewe bila maelezo. Baba, mzigo wa vinyozi wapya ulipofika nyumba ya samaki, hakukubali tena kuwachagua, alikuwa akimpa mwingine wavu na yeye akatazama ukuta, na wafanyakazi wenzake wakadhani amechoka. Kaka yake, ambaye yeye alimjua kwa jina moja tu la Mkubwa, alikuwa mtoto wa maneno machache, akiitwa mara ya kwanza haitiki, mpaka arudiwe, shangazi wakasema ana masikio mazito tangu ajali. Na kila mara walipompitia baba kazini, kaka akisimama mbele ya tangi la tatu, kivuli chake kikaonekana ndani ya kioo, na baba kule ndani ya maji hakumtazama mtoto, alikitazama kivuli, akakipungia kivuli, na binti alikuwa anaona, ila hakuwa na wa kumuuliza. Kila mwaka mwezi wa Novemba familia ilikuja hapa kupalilia kaburi dogo, na aliyelipalilia siku zote alikuwa kaka, hakumwachia mtu jembe.

Kuhusu kuugua kwake, marehemu alipatwa na kiharusi tarehe 11 Januari 2022, akalazwa, akarudi nyumbani akiwa na upande mmoja usiomtii, na Aprili mwaka huu akalazwa tena, wodi ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Huko ndiko alikoanza kumwita mwanawe Mdogo. Muuguzi aliambiwa kwamba Mdogo ni marehemu, akatikisa kichwa, jirani mmoja aliyekuja kumjulia hali akanong'ona kwamba mgonjwa akianza kuwaita waliotangulia basi hana siku, na watu wote wakakubaliana kuwa mzee akili imemtoka, isipokuwa kaka, ambaye aliitika naam baba, tena upesi, mara ya kwanza tu, yeye ambaye maisha yake yote huitwa mara mbili. Jumatano tarehe 17 Mei 2023, saa tano asubuhi, marehemu akamwambia, "Mdogo, fungua mdomo," na mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, baba wa watoto, akainama juu ya kitanda akafungua mdomo, marehemu akautazama kwa muda, kisha akanyanyua mkono wake mzima, akaufumba mdomo ule taratibu kwa vidole, akalia, na saa sita mchana akakata roho.

Jana binti alimuuliza kaka yake maana ya jambo lile, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma wawili tu, na kaka akamwambia. Asubuhi ile ya Novemba walikuwa wamebadilishana mashati ili wamtege baba. Yeye alizinduka hospitali wiki nzima baada ya mazishi, sauti ilipomrudia wakamwita Mkubwa, akasema mimi Mdogo, shangazi wakaangua kilio wakisema maskini anamtaja mwenzake, akasema tena mimi ndiye Mdogo, wakamkumbatia wakamwambia nyamaza, Mdogo amelala, na kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kulia. Ndipo baba akaja, mikono inanuka chumvi na mpira, akawatoa watu wote chumbani, akamwambia fungua mdomo, akafungua, lile jino lilikuwa bado lipo, linacheza kwenye ufizi likisubiri kung'oka, na baba akaliona, uso ukambadilika, akaufumba mdomo wa mtoto kwa vidole vyake, akasema, "Pumzika, Mkubwa." Baada ya siku chache jino likang'oka, likaota jipya zima, na hakukuwa na mtu tena wa kuangalia chochote. Kaka anasema alidhani ni mchezo ule ule na kwamba safari hii wamempata baba kweli kweli, akangoja aambiwe amrudishie mwenzake shati, akangoja wiki, akangoja mwaka, mpaka akaelewa kwamba hataambiwa. Akakua na jina la nduguye, akasoma nalo, akaoa nalo, na kila Novemba akashika jembe akaja kupalilia jina lake mwenyewe.

Binti aliinuka pale kwenye ngazi, akamwendea mama, ambaye alikuwa kwenye cherehani anapinda upindo wa nguo ya leo, akamweleza yote, akihofia kwamba anamfanya afiwe na mtoto mara ya pili siku tatu baada ya kufiwa na mume, na mama hakunyanyua kichwa mpaka alipofika mwisho wa upindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Nilimnyonyesha mimi, unadhani sikumjua? Nilimjua siku ile ile niliyoingia wodini." Binti akamuuliza kwa nini basi alinyamaza miaka yote, mama akasema, "Baba yako alikuwa ameshamtaja mbele za watu. Jicho ndilo alilokuwa nalo, hakuwa na kingine cha kujivunia. Ningemwambia umekosea kumjua mwanao aliyekufa, angebaki nani?" Naye baba, kaka anasema, alinyamaza kwa ajili ya mama, kwa sababu mama alikuwa ameshamaliza machozi ya mtoto mmoja, na hakutaka amwanzishie ya mwingine. Na kaka alinyamaza kwa ajili ya wote wawili. Walikula meza moja miaka arobaini na sita, kila mmoja akimkinga mwenzake, na katikati yao alikaa mtoto wa miaka sita aliyekufa bila kuliliwa kwa jina lake hata siku moja, na Mungu atusamehe, chakula kilipakuliwa, redio ilifunguliwa, binti huyu alilelewa akacheka, na yule mtoto alikuwa pale pale anasubiri.

Kwa hiyo, wajomba, mtatuwia radhi. Marehemu ameacha mjane, wajukuu wanne, binti mmoja, na mtoto mmoja wa kiume aliyeketi hapo mbele kushoto kwa mama yake, jina lake ni Mdogo, na kuanzia leo akiitwa ataitika. Marehemu ametanguliwa na mtoto mmoja wa kiume, jina lake ni Mkubwa, aliyezaliwa kwanza na kufa kwanza, na yeyote aliye hapa mwenye machozi ya akiba tunamwomba amgawie, kwa sababu yeye hajapata yake. Kibao cha kaburi dogo fundi mwashi amekitoa asubuhi, atakirudisha kikiwa kimeandikwa sawa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya ghorofa ya pili, waliomgeuza na kumwogesha kwa heshima na kuvumilia maswali yake kuhusu mabomba ya bafuni, inawashukuru majirani, pamoja na yule wa mlango wa pili, ambaye sasa ni bibi kizee na bado anatuita "nyie", walioleta viti, maji na mikono yao tangu Jumatano, na inawashukuru wafanyakazi wa nyumba ya samaki, wa zamani na wa sasa, ambao jana walifunga korido mapema na kuzima taa za tangi la tatu kwa ajili yake. Kwa wale ambao hatukuwataja, msituwekee kinyongo, akili zetu leo ziko nusu.

Baba, kazi yako umeimaliza, kioo ni safi, chandarua kimeshushwa, lala. Na wewe Mkubwa, kaka ambaye binti huyu hakukuwahi, baba anakuja hapo ulipo, akifika usimtege tena, fungua mdomo, akuone.